Mkalimani wa Mchungaji Njogu

Kwa miaka kumi na saba Nahashon Okinyi alisimama hatua moja nyuma ya Mchungaji Njogu, akikigeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili kabla sentensi haijapoa. Mchungaji akiruka, naye aliruka. Mchungaji akishusha sauti, mnong'ono wa Nahashon uliwafikia hata akina mama wa mabenchi ya mwisho. Mchungaji akisema kwa Kiingereza kwamba aliota ndoto akiwa Accra, Nahashon alipaza sauti, "Mimi niliota nikiwa Accra!" ingawa hakuwa amewahi kuvuka mpaka wa Kenya. Siku za wiki alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi, mtu ambaye mabosi walimsahau jina. Lakini mtaani kwao Mowlem, hata kwa mama muuza sukuma wiki, aliitwa Mtumishi.

Baba yake, fundi wa reli aliyemlea yeye na ndugu zake mtaa wa Pumwani, alikuwa Mkristo wa namna nyingine. Mama yao alilala kitandani miaka tisa kwa ugonjwa wa miguu, na mzee alimwogesha, akamwimbia nyimbo za kanisani, akasema Mungu yupo hapo hapo kitandani pamoja naye. Nahashon aliona hiyo ni dini ya watu waliozoea kushindwa. Kwa Mchungaji Njogu alikuta fundisho jingine: kwamba mtu akitamka neno kwa imani, Mungu hana budi kulitimiza. Ugonjwa haukutajwa, maana kuutaja ni kuufungulia mlango. Nahashon hakuyasikiliza tu mafundisho hayo. Aliyasema mwenyewe, kwa koo lake, mara zisizo na idadi.

Basi sauti ilipoanza kukwaruza, hakuwa na neno la kuieleza.

"Baba Whitney, hayo si mafua," mkewe Norah alimwambia baada ya miezi miwili. "Twende hospitali."

"Mama Whitney, usikiri ugonjwa ndani ya nyumba hii."

"Sikiri. Nasikia tu kwa masikio yangu."

Binti yao Whitney, aliyekuwa chuoni, naye akamwambia, "Buda, enda tu hosi wakucheki." Nahashon alitabasamu. Alikunywa tangawizi, akajipaka mafuta ya upako shingoni, akasimama mbele ya kanisa na kutangaza kwamba amepona. Kanisa likapiga makofi. Alitangaza hivyo mara nne. Mwaka na miezi miwili ilikuwa imepita tangu sauti ianze kukwaruza aliposakamwa na tonge la ugali akaanguka sakafuni, na mkewe na bintiye wakambeba hadi kwenye teksi bila kumwuliza anaamini nini.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliomuumiza zaidi.

"Ungekuja mapema, Mzee, tungejaribu mionzi na pengine sauti ingebaki," alisema. "Sasa uvimbe umeenea. Itabidi tuondoe sanduku zima la sauti. Utakuwa ukipumulia kwenye tundu hapa shingoni."

"Na nisipokubali?"

"Utakosa pumzi."

Siku moja kabla ya upasuaji Mchungaji Njogu alifika wodini na mfuko wa machungwa. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Lakini dunia aliyoiona yeye haikuwa na nafasi ya kitanda kile, na alilazimika kumtafutia rafiki yake kosa ili dunia hiyo isimporomokee.

"Ndugu Nahashon," aliuliza taratibu, "shaka iliingilia wapi?"

Nahashon alitafuta kwa moyo wote. Alirudi nyuma mwezi baada ya mwezi, akijipekua.

"Sikuwa na shaka, Mchungaji," akakwaruza. "Ndiyo maana nimechelewa."

Mchungaji aliomba dua fupi, akaondoka. Hakurudi tena.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji, Nahashon alijifunga kitambaa shingoni akaenda kanisani. Kate, msichana wa kwaya, ndiye aliyekuwa akitafsiri, na alifanya vizuri. Katikati ya ibada kikohozi kilimbana Nahashon, kikapiga mluzi kwenye tundu la shingo, na mtoto wa benchi la mbele akaangua kilio. Mhudumu mmoja akamwinamia.

"Mtumishi, wageni wanashtuka. Kuna kiti kule ofisini. Utasikia kila kitu kwa spika."

Alisikia kila kitu kwa spika. Mahubiri yalihusu nguvu ya ulimi. Kate alisema "mimi" hivi, "mimi" vile, na Nahashon, akiwa amekaa kati ya marundo ya viti vya plastiki, akatambua kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kusema "mimi" mbele za Mungu akimaanisha Nahashon.

Akaacha kwenda. Nyumbani alijaribu kuomba, lakini maombi aliyoyajua yalikuwa ya kuamuru, kukemea, kudai na kutangaza, na yote hayo yalihitaji kinywa. Alipopiga magoti alikuta ndani yake pamekuwa kama chumba walichohama watu. Kama Mungu wa mafundisho yale yupo, basi amemhukumu. Kama hayupo, Nahashon hakujua amwendee nani, maana hakuwa amemfahamu mwingine.

Mwezi wa tano tangu upasuaji, picha za hospitali zilionyesha ugonjwa umefika mapafuni. Daktari sasa alizungumzia maumivu tu, jinsi ya kuyapunguza.

Alasiri hiyo Norah aliketi karibu naye sebuleni. "Baba Whitney," alisema, "weka kando mambo ya madhabahuni. Wewe mwenyewe unaamini nini?"

Alichukua daftari alilotumia kuzungumzia. Akaandika: *Sijui huyo unayemuuliza ni nani.*

Norah alisoma, akamshika mkono. "Bwana," akaomba kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye mlangoni, "mume wangu hana neno. Mimi nimechoka. Usituache. Amina."

Nahashon alingoja. Hakuna kilichomgusa, wala joto wala amani. Midomo yake ilicheza kwenye "amina," lakini hiyo ilikuwa mazoea. Akafungua ukurasa mwingine, akaandika kwamba Whitney asiambiwe habari za mapafu mpaka amalize mitihani.