Nywele za Barakat

Huko Jomvu Kuu, mwanamke akifariki, anayeitwa kumwosha ni Bi Mahfoudha. Ndiye muosha maiti tangu mamake alipoishiwa na nguvu. Siku moja, wakichambua mchicha, Basma, binti wa kakake anayesoma chuoni, alimwambia, "Shangazi, hakuna atendaye jema bure. Wewe waosha maiti kwa kuwa wataka thawabu."

"Nazitaka, wallahi," akajibu Mahfoudha. "Nani asiyezitaka?"

Kisha akafa Barakat. Huyu ndiye aliyeolewa na mumewe Mahfoudha, na nyumba ya Mahfoudha ikavunjika. Walikaa mtaa mmoja miaka na miaka bila kupeana salamu. Asubuhi ile Ihsan, bintiye Barakat, alisimama mlangoni, macho yamemvimba.

"Shikamoo, bibi. Yaliyopita nayajua. Lakini nani mwengine nimwendee?"

Mtaa wa jirani, Mikindani, alikuwako muosha mwingine. Mahfoudha alimfikiria sana, mwisho akavaa buibui lake.

Njiani alimwambia Basma, aliyefuatana naye kumiminia maji, "Usidhani ni wema. Naenda ili watu waone nimekwenda."

Ndani, chini ya shuka, Barakat alikuwa amebaki mifupa. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza. Mahfoudha alimtazama, na furaha ndogo, chafu, ikampita kifuani: leo uko mikononi mwangu. Akasoma bismillahi, akaanza upande wa kuume.

Mwili ulioshwa upesi. Nywele ndizo zilizokataa. Kwa kulala kitandani muda mrefu, zilikuwa zimefungana fundo gumu kisogoni. Mahfoudha aliketi, akazilowesha kwa maji ya majani ya mkunazi, akaanza kulifungua fundo kwa vidole, unywele kwa unywele.

"Shangazi, wanaume wangoja na jeneza," Basma akanong'ona. "Sanda itafunika. Hapana atakayeona."

"Mimina maji. Polepole, yasimwingie machoni."

Basma akamimina. Fundo likaachia. Mahfoudha akazisuka nywele misuko mitatu, akailaza nyuma ya kichwa, akaomba kafuri.

Walipotoka, wanawake walimshika mikono, wakimsifu moyo wake mkubwa. Sifa zilimwingia tamu, naye akaona haya kwa utamu ule.

Walipokuwa wakirudi, Basma alishindwa kunyamaza. "Kule mwanzo ulitaka waone. Na zile nywele je? Pale ulitaka nini?"

Mahfoudha alijipekua kweli, kwani hakupenda kumdanganya mtoto.

"Sijui, mwanangu. Nilisahau kama ni Barakat. Nilisahau hata kama ni mimi. Niliona nywele zimefungana tu."

"Basi hukutaka kitu?"

"Nimekwambia sijui."

Baada ya matanga, yule aliyekuwa mumewe alimtuma mtu na salamu za shukrani. Mahfoudha hakuzijibu. Ihsan alipokuja mwenyewe, alimkaribisha ndani, akampa chai, wakakaa.