Chai Juu ya Jiko Baridi

Tarehe 12 Machi nilimpoteza mke wangu, Mama Aline, hapa mtaani kwetu Batsinda. Wiki iliyopita akaja binti mtafiti kuangalia kama majiko tuliyopewa na serikali yanatumika, kabla hawajawapelekea na watu wa mtaa wa Masaka. Mke wangu alilipenda lile jiko. Niliogopa kwamba nikisema silitumii, watalichukua. Basi nikanunua chai ya moto dukani, nikaweka birika juu yake, nikajifanya mpishi.

"Napika kila siku, binti yangu. Hata sasa chai iko tayari."

Akagusa ubavu wa jiko, akaukuta baridi. Kisha akachomoa chini yake kidude nilichodhani ni mguu wa ziada, akakiunganisha na kompyuta.

"Mzee, hiki kinapima joto. Jiko liliwaka kila asubuhi mpaka Machi kumi na mbili. Tangu hapo, halijawaka hata mara moja. Kulitokea nini?"

Kwenye kioo, asubuhi zote za Mama Aline zilisimama mstari mmoja, kama vilima. Sikujua kuwa serikali inaweza kutunza kitu kama hicho. Nikamwambia ukweli wote, hata wa chai. Akauandika.

"Jiko ni lako, mzee," akasema. "Sasa tunywe hiyo chai ya dukani kabla haijapoa."