Mlango wa Mama Mkwe

Enzi za Mwingereza, Temeke yetu ilikuwa makuti matupu, na makuti yakishika moto hayangoji mtu avae. Alasiri moja cheche ya jiko ililamba paa la jirani. Watu walitoka salama, lakini paa liliisha kabla hatujateka ndoo ya tatu.

Mie karani, mtu wa kukaa ndani, nikajipa ujemadari wa moto. Shuleni tulifundishwa kutoka darasani kwa kengele; nyumbani kengele ikawa debe. Likilia, mke wangu na watoto wetu wawili watoke kwa mlango wa uani, tukutane kwenye mkorosho. Na asirudi mtu kufuata kitu, hata sufuria!

Akabaki mama mkwe. Alikuwa akiishi nasi, chumba cha mwisho, goti limemgomea.

"Yeye nitambeba mie," nikatangaza.

Mke wangu akaketi chini kwa kicheko. "Umbebe mama? Wewe, ukimsikia anakohoa tu unajificha jikoni?"

Kweli. Kwa desturi ya kwao, mkwe na mkwe hawagusani wala hawatazamani. Miaka mitatu tulikuwa tukizungumza kupitia kwa mke wangu, hata tukitenganishwa na pazia tu. Sauti ikatoka nyuma ya pazia hilo:

"Mwanangu, mwambie mumeo sipandi mgongo wa mkwe. Bora niungue na heshima yangu."

"Mwambie mama, heshima nayo inaungua."

"Mwambie, kwa mikono ile ya kushika kalamu, atanidondosha kabla moto haujanifika."

Tukajaribu kumtoa na kitanda chake cha kamba: mie mbele, nimempa mgongo, mke wangu nyuma, mwenyewe kajifunika kanga gubigubi. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa mlango. Kitanda kikanasa. Mie ukumbini, mke wangu chumbani, mama mkwe katikati, kanga inatetemeka. Nikajua analia. Kumbe anacheka!

"Mwambie mumeo," akasema alipopata pumzi, "ukuta huu ni miti na udongo. Autoboe."

Nikautoboa. Kazi ya nusu siku ilinichukua siku mbili na malengelenge manne. Tukatia kimlango cha mbao ubavuni mwa kitanda chake, atoke kwa kujiburura juu ya mkeka.

Jumapili mke wangu akalipiga debe bila kunionya. Nilikuwa nimejilaza, kifua wazi. Nikakurupuka, nikaanza kusaka shati. Nitamtokeaje mama mkwe hivi? Nikainua godoro. Nikachungulia mvunguni. Dirishani nikawaona wote kwenye mkorosho, mama mkwe mbele yao, kajaa vumbi, anameremeta kama bibi harusi.

"Mkwe!" akapaza sauti. "Toka hivyo hivyo! Makuti hayangoji shati!"

Neno lake la kwanza kwangu, miaka mitatu. Nikatoka mbio, kifua wazi. Akajifunika uso kwa kanga, na kanga ikaanza kutetemeka tena.