Matuta ya Mashoto

Nimefanya biashara ya maharage hadi Kasesya mpakani, nimekutana na watu wa kila namna, lakini aliyewahi kunifunga mdomo ni mmoja tu, dada yangu Kristiana. Ni mwembamba, sauti yake ya chini, na chai yake ina sukari hadi meno yanauma. Ukimwona sokoni Mwimbi hutageuka kumtazama mara ya pili.

Mwaka 1995 kaka yetu Gaudensi alikuwa amekwama. Enzi za mbolea ya ruzuku aliwacheka wazee waliong'ang'ania matuta ya duara, yale ya kukata nyasi pamoja na udongo wake na kuzifukia ndani zioze. Ruzuku ilipoondolewa, mfuko wa mbolea ukawa haushikiki, mahindi yake yakatoka ya njano, akauza ng'ombe wa kulimia. Halafu kifua kikamlaza hospitali Sumbawanga miezi miwili. Aliporudi, serikali ya kijiji ilikuwa imetangaza kwamba shamba lililolala misimu miwili litagawiwa wengine, na kamati itapita baada ya Pasaka. La Gaudensi, kule ng'ambo ya kilima, lilikuwa limelala tangu auze ng'ombe. Hakuwa na lingine, na alikuwa na watoto watano.

Dada alikwenda kumwambia kwamba atamlimia. Nilikuwepo.

"Mwanamke aliyeolewa aje kunilimia mimi? Watu watasemaje?" Gaudensi alisema huku anakohoa. "Bora walichukue."

"Haya, mdogo wangu," dada akasema, akamalizia kuosha vyombo, akaondoka.

Mimi, niseme ukweli, nilishukuru. Nilikuwa na magunia ya kupeleka mpakani, na sikutaka kukaa katikati ya wakaidi wawili.

Nilirudi wiki moja baada ya Pasaka, nikakuta kamati inapanda kilima, Gaudensi nyuma yao amejifunika blanketi. Hakuwa amekanyaga shambani tangu augue. Ukungu ulipoachia, sote tukasimama. Shamba zima lilikuwa matuta, safu kwa safu, mpaka chini kwenye kijito. Nilianza kuyahesabu nikaacha.

Mwenyekiti, mzee Fransisko, aliinama kuyatazama. Kwetu tuta lina mkono wa mtu. Anayelima kwa mkono wa kulia, mabonge yake ya udongo hulaliana upande mmoja; ya mashoto hulaliana upande wa pili. Kijiji kizima kilikuwa na mashoto mmoja tu, naye ni Gaudensi. Na matuta yale yote yalilaliana kishoto.

"Gaudensi, ulikuja huku lini?"

Kaka alikuwa anamtazama dada, aliyesimama pembeni na jembe lake, viganja amevifunga vitambaa. Maisha yake yote dada alishika jembe kwa mkono wa kulia. Kumbe wiki sita, kila alfajiri kabla ya kwenda kulima kwake, alikuwa anakuja kujifundisha mkono usio wake, ili mdogo wake asiaibike. Sikuwahi kuona jambo kubwa kama lile, na mpaka leo sijaliona.

Gaudensi angesema ni yeye aliyelima, angeaminiwa. Macho ya dada yalikuwa yanamwomba aseme hivyo.

"Mwenyekiti, sijafika hapa hata siku moja," akasema. "Huo mkono ni wangu, lakini aliyelima nao ni dada yangu. Kama sheria inakataa, chukueni."

Mzee Fransisko alivua kofia.

"Shamba limelimwa," akasema. "Katibu, andika Gaudensi."

Kaka akamwendea dada, akaanza kumfungua vile vitambaa polepole, machozi yanamtoka mbele ya kamati nzima. Mimi nikalichukua jembe. Safu ya mwisho ilikuwa bado matuta manne. Nikayalima kwa mkono wangu wa kulia, na hakuna aliyenikataza.