Masikio ya Dakta Hiramoto

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, nilipangwa kwa Mtaalamu wa Mitetemo, Dakta Hiramoto, Mjapani. Nilimwamkia. "Marahaba, Mama Kulwa," akajibu, kisha akanivisha hedifoni.

Kazi yetu ilikuwa kusikiliza mwamba. Tulichomeka jiofoni, yaani vifaa vya kunasa mtetemo, kwenye kuta za shimo. Mwamba ukipasuka ndani kwa ndani, tunaandika mahali na ukubwa. Mipasuko ikisongamana, wachimbaji wanatolewa.

Dakta alikuwa pia mtunzi wa muziki, ila si wa kuchezeka. Alichukua mipasuko ileile akaipanga upya, na katikati akaacha kimya kirefu. Meneja wa Uchimbaji alimwambia mbele yangu, "Dakta, unalipwa kwa ajili ya mawe, si nyimbo."

"Mawe ndiyo yanayoimba," akajibu. "Mimi naandika tu."

Kila mara aliniuliza, "Unasikia nini?" Kwa miaka minne nilidhani ananifundisha. Halafu asubuhi moja mipasuko ilisongamana, hedifoni ziko masikioni mwake kama zilivyo mwangu, naye anakunywa chai kwa utulivu. Nilipiga king'ora mwenyewe. Watu walitoka wote, ndipo dari ikaporomoka.

Fomu ya tukio ilitaka jina la aliyesikia kwanza.

"Andika lako," akasema.

"Nikiandika, watakuondoa."

"Nikibaki na masikio haya, nitaua mtu."

Niliandika. Akasema "Wabeja," asante ya Kisukuma aliyojifunza kwa wachimbaji.

Kabla hajaondoka, utunzi wake ulipigwa kwenye bwalo la wafanyakazi. Watu walitoka mmoja mmoja. Ulipokwisha, yeye akiwa kiti cha mbele amewapa mgongo, akaniuliza kama wamepiga makofi.

Nilimsogelea sikioni. "Hapana, Dakta. Wamebaki watatu, na mmoja amelala."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Huyo aliyelala," akasema, "asiamshwe."

Nilistaafu nikiwa mkuu wa kitengo kilekile, sasa naishi Masumbwe. Siku hizi kompyuta ndiyo inayosikiliza mwamba. Vijana huniuliza kama nilimsaliti bosi wangu. Nawajibu kwamba fomu ilitaka jina, nami niliandika jina la kweli. Muziki wake sikuwahi kuuelewa. Alinitumia nakala kutoka kwao, nami mara mojamoja huupiga sebuleni. Mume wangu huuliza kama redio imeharibika. Namwambia hapana, nauacha mpaka uishe.