Karamu ya Abdirashid

Siku niliyomwona Deka kwa mara ya kwanza, alikuwa akipanga madumu yake ya maziwa ya ngamia mbele ya bucha yangu, sokoni Garissa. Mimi ni mtu wa haya. Nikarudi nyuma ya mapaja ya mbuzi yaliyoning'inia. Akaniuliza, "Wewe unauza nyama au inakuficha?" Tangu hapo tukawa majirani wa kazi.

Miaka ikapita, figo za kaka yake Abdirashid zikafa, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine. Ndugu wengine walipoitwa kupimwa, kila mmoja alikuwa na safari. Deka akapimwa, akafaa. Alinieleza maneno ya daktari: angepasuliwa ubavuni, itolewe figo moja, na ile iliyobaki ingebeba kazi ya zote mbili. Hata kuzaa angeweza. Ila kwa wiki sita asiinue kitu kizito, maana ndani huchelewa kushikana.

Walipasuliwa Nairobi, wakarudi salama wote wawili. Kwetu mtu akitoka kwenye matibabu makubwa huchinjiwa, watu wakala na kumwombea dua. Mimi ndiye niliyechinja. Wanaume walikaa mkekani kumzunguka Abdirashid. Deka, ambaye hakuwa amemaliza hata wiki tatu, alikuwa jikoni. Shangazi yake Arbia, akikaanga maini na figo za mbuzi, akamwambia, "Hizi usionje, abaayo, dada yangu. Wewe kwenye figo ni mtoaji, si mlaji." Wanawake wakacheka. Deka naye akacheka, mkono ubavuni.

Kisha nikamwona ameinua sufuria ya wali wa wageni, peke yake. Nikajikaza, nikamwendea kaka yao mkubwa, Ahmednoor, nikamkumbusha katazo la daktari. Hakugeuka.

"Halkano, mgonjwa ni Abdirashid. Deka alikwenda mzima."

Kesho yake mshono ulivimba. Nyumbani wakasema ni gesi, wakamnywesha samli ya moto. Alipoanza kutapika bila kukoma ndipo nilipoitwa nije na gari langu la nyama. Hospitalini tuliambiwa utumbo umepenya kwenye mshono ukanyongeka, na kwamba tumechelewa. Wakampasua tena. Hakuamka.

Kabla Deka hajaingizwa kupasuliwa, Abdirashid alikuwa amesimama ukutani akilia. Deka alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Figo niliitoa mwenyewe, Halkano, wala sijuti. Ila ile sufuria, hakuna aliyenipokea."