Matairi Mazuri Yalipokaa Mbele

Tulipokuwa wadogo pale Malvern, mtaa wa Johannesburg, majira ya baridi yalikuwa na harufu ya mpira. Wenzetu waliokulia Tanga au Dar wakikumbuka utoto wao hutaja asumini na samaki wa kukaanga. Sisi wa barabara ya Jules tunakumbuka gundi ya pancha, moshi wa hita ya mafuta ya taa, na maandazi ya mama yaliyopoa kabla hujayafikisha mdomoni. Baba alikuwa fundi wa matairi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Mbwana, na Wazulu waliamini kabisa kwamba Fundi ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Kibanda chake kilikuwa cha bati: jeki mbili, pampu ya umeme iliyopiga kelele nyingi kuliko kazi, na beseni kubwa la maji la kuzamishia mipira ili kuona inapovuja. Kutazama mapovu ilikuwa kazi yetu, mimi na mdogo wangu Juma, tukitoka shule. Asubuhi za Julai maji yale yaliota ukoko wa barafu. Tuliupasua kwa spana tukanyonya vipande vyake, na mama akasema tutakufa kwa homa ya mapafu. Hatukufa.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kukimbiza tairi lililochoka. Unalisukuma kwa viganja kwenye mteremko, unalikimbilia ubavuni, na ni lazima ulizuie kabla ya roboti, yaani taa za barabarani. Likivuka roboti, umetoka. Tulicheza Wakongo, Wazulu, Wamsumbiji na sisi wa Tanga, na lugha ya mchezo ilikuwa Kizulu. Lugha ya matusi pia. Kiswahili tulikitumia jioni, kuombea msamaha. Binti yangu wa leo ana mchezo wa magari kwenye simu. Anaweza kupata ajali arobaini kabla ya kifungua kinywa, na magoti yake hayana hata kovu moja.

Baba alikuwa mtu mpole, lakini katika jambo la matairi hakubishiwa. Magari mengi madogo ya mtaani kwetu, na letu jeupe likiwamo, yalikuwa ya kuvuta kwa mbele: injini imeyalalia magurudumu ya mbele, na hayo hayo ndiyo yanayozungushwa na injini na ndiyo yanayokata kona. Ya nyuma yanafuata tu. Kwa hiyo mteja akimudu matairi mawili mapya, baba alimfungia mbele, na yale yaliyoanza kuota kipara akayahamishia nyuma. “Anayevuta ndiye avishwe,” alisema. Tulilisikia neno hilo mara nyingi kuliko sala.

Kulikuwa na jirani yetu, Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, fundi cherehani mwenye duka milango mitatu kutoka kibandani. Siku moja alileta gari lake, akasimama kando na futi yake shingoni, akamwambia baba, “Fundi, banasemaka mapya batie ku nyuma.”

“Nani wanasema?”

“Bateja. Beko wengi.”

Baba hakuinua hata kichwa. “Papa Ilunga, wewe shona suruali.”

Watu waliokuwapo walicheka, na Papa Ilunga akacheka pia, lakini kidogo. Matairi yake yakafungwa mbele.

Likizo ya baridi ya mwaka huo bibi yetu mzaa mama alifika Durban kutoka Tanga, kwa mjomba. Mama hakuwa amemwona tangu mimi nikinyonya. Ikaamuliwa twende na gari tukamchukue, aje akae kwetu miezi mitatu. Usiku wa kuamkia safari mama hakulala. Alikaanga na kupiga pasi. Baba kabla hatujatoka aliyafunga matairi mawili mapya mbele, ya nyuma akayakagua kwa kidole gumba, akasema yatafika. Kwenda tulifika bila neno. Tulikaa Durban siku mbili, tukala mno.

Siku ya kurudi Bibi alikaa nyuma, katikati yangu na Juma, amejifunga kanga juu ya koti la mjomba. Yeye na baba walikuwa na adabu ile ya zamani ya mama mkwe na mkwe: hawakutazamana usoni, na maneno mengine yalipitia kwa mama. “Mwambie mumeo asichoke,” Bibi alisema, na mama akageuka kumwambia mtu aliyekuwa anasikia vizuri tu.

Tulipopita Ladysmith mbingu ilikuwa ya kijivu. Tulipoanza kupanda mlima wa Van Reenen, theluji ikaanza kuanguka. Hakuna hata mmoja wetu garini aliyewahi kuiona. Juma alishusha kioo akatoa ulimi nje. Bibi alitazama muda mrefu, kisha akauliza, “Hii pamba nani anaipepeta?”

Baada ya kilomita chache barabara ilikuwa nyeupe. Pembeni tulianza kuona magari yaliyokwama, hasa mabaki, kama pikapu zinavyoitwa huku, yasiyo na mzigo, yale ya kusukuma kwa nyuma. Magurudumu yao yalizunguka mahali pamoja, mkia ukicheza huku na huku, na madereva wametoka nje wamejishika viuno. Letu lilikuwa linapanda. Taratibu, gia ya pili, uzito wa injini ukiyakandamiza matairi mapya, na kashata zake, vile vibonge vya mpira vinavyouma barabara, zikiitafuna theluji kwa sauti kama ya mtu anayetafuna bisi. Baba alikaa wima. Kila tulipolipita baki moja alisema, bila kumwelekea mtu, “Anayevuta ndiye avishwe.” Mama alicheka. Sisi watoto tulihesabu magari tuliyoyaacha, tukafika kumi na moja.

Juu kabisa barabara ililala, kisha ikaanza kuteremka kidogo kuelekea Harrismith, na kona ya kushoto. Haikuwa kona kali. Baba aliondoa mguu kwenye mafuta, akagusa breki.

Mbele kulishika. Nyuma hakukushika. Niliona kwanza milima ikitembea kwenye kioo cha ubavuni, halafu nikaelewa kwamba ni sisi tunaotembea. Baba alikanyaga breki kwa nguvu zote, na mkia ukazidi kuja. Bibi alinyoosha mkono wake mbele ya kifua changu, akaukita kwenye kiti cha mama. Gari liligeuka nusu duara, likatoka barabarani kinyumenyume, likaangukia mtaro kwa gurudumu moja la nyuma, likasimama likitazama tulikotoka. Nilisikia kitu kikikatika na nikadhani ni gari. Ulikuwa mkono wa Bibi, karibu na kiganja.

Lori moja kubwa lilipita polepole mahali tulipokuwa sekunde chache kabla. Dereva wake alitutazama kutoka juu, akapita. Hakuwa na namna ya kusimama.

Mama alitoka kwenda kumfunga Bibi mkono kwa kanga. Baba alizunguka nyuma ya gari, akachutama mbele ya tairi, akabaki hapo. Theluji ilimwangukia mgongoni na hakuipangusa. Baada ya muda alikuja mzee mmoja Msotho, amejitanda blanketi, kutoka kwenye baki lake lililosimama mbele. Alizungumza na baba Kizulu, na baba alijua Kizulu cha kazini tu, lakini kilitosha.

“Huku kwetu inaanguka karibu kila mwaka, ntate,” alisema yule mzee, akimwita baba kwa heshima ya Kisotho. Aligusa tairi la mbele, kisha la nyuma. “Haya yamekupandisha. Haya ndiyo yamekuangusha. Gari la kuvuta mbele mkia wake ni mwepesi. Ukiuvalisha vipara, ukiteremka unakukimbilia mbele.”

“Nilikanyaga breki,” baba alisema.

“Kila mtu hukanyaga. Ukiona mkia unakuja, toa mguu. Elekeza usukani unakotaka kwenda, halafu vuta kwa mafuta, kidogo kidogo. Mbele itainyoosha nyuma. Na mpira wa matairi ya nchi hii umetengenezewa joto, ntate. Kwenye baridi hii unakuwa mgumu kama mkate wa juzi. Hata yangekuwa mapya yote manne, ungeenda polepole.”

Walisukuma, yule mzee, baba, mama na Juma. Mimi nilibaki nimeshika kichwa cha Bibi. Gari lilipotoka, baba hakuingia. Alifungua mlango wa nyuma, akapiga goti kwenye theluji, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona akimtazama mama mkwe wake usoni.

“Mama, nimekosea,” alisema. “Si theluji. Niliambiwa, nikadharau.”

Bibi alikuwa amekunja uso kwa maumivu. Hakupitisha jibu kwa mama. “Mkono utaunga, mkwe wangu,” alisema. “Wangapi umewafungia hivyo?”

Baba alifikiri. “Wengi, mama.”

“Basi ukifika, waite.”

Tulishuka Harrismith kwa mwendo wa mtu anayetembea, tukifuata baki la yule mzee. Mizigo yote iliwekwa kwenye buti ili nyuma kuwe na uzito. Hospitalini walimfunga Bibi plasta. Tulilala mjini hapo siku mbili hadi barabara ilipofunguliwa, chumba kimoja sote, tukila mkate na jamu, na Bibi akitusimulia jinsi alivyovunjika mkono mwingine utotoni kwa kuanguka kwenye mnazi wa watu.

Tulipofika Malvern baba alianza na duka la cherehani. Mimi nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo nilisikia.

“Papa Ilunga, lete gari. Nilikufungia vibaya.”

Papa Ilunga alizima mashine. Alijua habari zote. Barabara ya Jules ilikuwa imeshampa. Angeweza kusema lolote, na watu wawili waliokuwa wanasubiri suruali zao walitega masikio. Alisema, “Miye nilisikiaka tu, Fundi. Weye uliona.” Akatoa funguo.

Kwa wiki mbili baba hakufanya kazi nyingine. Hakuwa na daftari la wateja, alikuwa na kichwa tu, na alikaa mbele ya kibanda akitazama barabara. Akiliona gari analolikumbuka alitoka mbio na kulisimamisha katikati ya magari mengine, akipigiwa honi. Aliyahamisha matairi hayo bure. Wengine walimshukuru. Wengine walimcheka, wakasema fundi gani huyu anayetangaza makosa yake, na hawakurudi tena. Dereva mmoja wa teksi alimwita mwendawazimu. Baba alimjibu, “Sawa, lakini shuka kwanza.” Jioni alirudi na mikono iliyopasuka kwa baridi, na Bibi, kwa mkono wake mmoja, alimpaka mafuta ya nazi aliyokuja nayo kutoka Tanga. Habari ya kutotazamana ilikuwa imekwisha. Mama alilalamika kwamba sasa wawili hao wanasengenya pamoja, na yeye hawamwambii kitu.

Bibi alizikwa Tanga miaka mingi iliyopita. Baba na mama wamerudi huko. Palipokuwa na kibanda panauzwa makava ya simu. Mwaka jana nilipeleka gari langu kubadilishwa matairi mawili, na kijana wa duka, msafi kama daktari, akaniambia mapya yanakwenda nyuma. Nikamuuliza kwa nini. Alinigeuzia kompyuta nisome. Alikuwa sahihi, na sikumsumbua zaidi. Gari lenyewe lina taa yenye picha ya gari linaloserereka. Likihisi gurudumu linateleza, linalishika lenyewe. Binti yangu, mwenye miaka kumi na miwili, akiniona nimeng'ang'ania usukani siku ya mvua huniambia, “Relax, Mama. The car knows.” Huenda linajua.

Kisha asubuhi moja ya baridi theluji ilianguka hapa hapa Johannesburg, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Binti yangu alitoka na pajama kuipiga picha. Mimi nilimpigia baba simu ya video. Aliyatazama mapaa meupe ya Malvern, jasho likimtiririka usoni kwa joto la Tanga, akasema nimwonyeshe barabara.

Niligeuza simu dirishani. Gari moja dogo lilikuwa linapanda mtaa wetu, peke yake, likiteleza, likisimama, likianza tena. Enzi zetu lisingefika mlango wa tatu kabla Papa Ilunga hajatoka na futi shingoni, na Wazulu, na watoto wote, kulisukuma na kumfokea dereva kwa lugha nne. Sasa madirisha yote ya mtaa yalikuwa na watu, na kila mtu ameshika simu. Na mimi pia nilikuwa nimeshika yangu.

“Mbona hamtoki?” baba aliuliza.